Ukurasa wa Jumatano

Siku ya pili ndani ya ghala la Wadi Kabir, Inspekta Muhsina alikuwa ameshaisoma sabuni ya unga mara mia mbili na kumi na moja. Alijua inatoka saa ngapi, inachukua sekunde ngapi, na siku gani mkanda wake ulikwaruza. Alikuwa ameshaichukia sabuni ile, na maziwa ya kopo, na betri za redio, na kila mtu aliyewahi kununua tairi mwaka 1986.

Maboksi ya kurasa yalikuwa kumi na manne. Hisham, mwenye ghala, aliyarithi kwa marehemu baba yake pamoja na ofisi ya matangazo iliyokufa zamani, na kilichomzuia kuyatupa ni uvivu tu. Alimpa Muhsina kiti cha plastiki na feni, akamweleza kazi yenyewe ilivyokuwa. Enzi hizo hapakuwa na kompyuta ya kuhesabu matangazo. Kampuni iliyopeleka tangazo lake kwenye televisheni ilitaka uhakika kwamba limetoka kama ilivyoahidiwa, kwa hiyo ofisi iliajiri mtu akae mbele ya kioo kuanzia saa kumi za alasiri mpaka kituo kinapofunga, aandike kila tangazo: limetoka saa ngapi, limechukua sekunde ngapi, lina kasoro gani. Tamthilia ikipita, anangoja. Mpira ukipita, anangoja. Tangazo likija, anabonyeza saa yake na kuandika. Kesho tena vile vile.

"Baba alikuwa akisema kazi ile haimfai mwenye akili, wala asiyekuwa nayo," alisema Hisham. "Ami Thabit peke yake ndiye aliyeiweza. Miaka sita."

Ni kwa ajili ya huyo Thabit Muhsina alikuwa ghalani.

Wiki tatu nyuma, tingatinga lililokuwa likichimba msingi wa nyumba kule Ansab lilifukua kisima cha shamba la zamani, na ndani ya kisima mlikuwa na mifupa ya mwanamke. Vipimo vya vinasaba vilimtaja: Balqees, mpiga chapa wa ofisi ile ile ya matangazo, aliyetoka kazini Ruwi jioni ya Jumatano, tarehe 22 Oktoba 1986, asifike nyumbani. Alikuwa na miaka ishirini na minne na binti wa mwaka mmoja, Nouf. Mumewe, Sami, alizuiliwa miezi minane, akaachiwa kwa kukosekana ushahidi, lakini watu hawakumwachia. Ndugu za Balqees walimchukua mtoto. Sami akahamia Qurayyat kwa dada yake, Bi Fajr, na huko ndiko alikolala sasa, ini limekwisha, daktari ameacha kuhesabu miezi na anahesabu siku.

Kisimani mlitoka kitu kimoja zaidi. Saa ya chuma, ya mviringo, imeliwa na kutu mpaka tarakimu zimefutika. Ina kitufe juu, akrabu moja, mshale mrefu, na mgongoni mikwaruzo miwili. Maabara waliandika "saa ya mfukoni". Na Sami, katika picha ya harusi yake, anaonekana amening'iniza saa ya mfukoni ya baba yake. Mwenyewe anasema aliiuza zamani, lakini hana wa kumshuhudia. Mwendesha mashtaka hakutaka zaidi ya hapo. Alitaka faili liwe mezani kwake Alhamisi, na ile ilikuwa Jumanne asubuhi.

Jumapili, Nouf alikuja mwenyewe ofisini kwa Muhsina. Ni mfamasia, mwanamke wa miaka arobaini kasoro, anayekaa wima kwenye kiti kama yuko kwenye mtihani. Alieleza kwamba shangazi yake anampigia simu kila siku akimwomba aende akamwone baba yake kabla hajafa. Neno "baba" alilitamka kwa shida, maana hajawahi kumwita mtu hivyo.

"Nambie kitu kimoja tu," alisema. "Kama ni yeye, siendi. Kama si yeye, nshachelewa sana, lakini ntakwenda. Sitaki nikambusu mkono mtu aliyemtupa mama yangu kisimani."

Muhsina alirudi kwenye karatasi za 1986. Faili la zamani lilikuwa jembamba. Watu wawili tu ndio waliokuwa karibu na Balqees kiasi cha kuulizwa: mumewe, ambaye hakuwa na shahidi, na Thabit, aliyefanya naye kazi na ambaye ndiye aliyewaambia polisi kwamba mume na mke walikuwa hawapatani. Thabit alikuwa na shahidi asiyechoka kuliko wote, karatasi. Ukurasa wake wa Jumatano ile ulikuwamo failini, nakala ya manjano, matangazo arobaini na sita kuanzia saa kumi mpaka kituo kilipofunga, sekunde kwa sekunde. Askari wa wakati ule waliutazama, wakamwambia nenda nyumbani. Hakuna aliyeomba kuona ukurasa wa jana yake, wala wa kesho yake. Muhsina hakuwalaumu sana. Si kila mtu ni kama yeye, anayesoma mpaka ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la panadoli.

Siku ya kwanza ghalani aliipoteza bure. Alishuku kwamba Marhoon, mwenzake Thabit aliyeshika zamu za Alhamisi na Ijumaa, ndiye aliyemwandikia. Lakini mwandiko wa Marhoon ulikuwa kama kuku amepita kwenye wino, na wa Thabit ulikuwa safi kama wa mwalimu wa chuo. Ukurasa ule ulikuwa wa Thabit, hapana shaka. Akashuku umeme ulikatika jioni ile. Haukukatika. Alirudi nyumbani na vumbi puani na hasira ya kutosha watu wawili.

Siku ya pili alizitandaza kurasa zote za Oktoba na Novemba sakafuni, mstari mmoja, akasoma safu ya kasoro peke yake. Hapo ndipo alipoona.

Kila jioni kituo kilisimamisha kila kitu kwa adhana ya Magharibi, na Thabit, kwa kuwa ni mtu makini, aliandika dakika yake, maana matangazo yanayofuata yalisogea. Jumamosi: saa kumi na moja na dakika arobaini na moja. Jumapili: arobaini na moja tena. Jumatatu: arobaini. Jumanne: thelathini na tisa. Jua la Oktoba huwahi kuzama kwa kiasi cha dakika moja kila siku, na adhana hulifuata. Jumatano, siku aliyopotea Balqees, ilipasa iwe thelathini na nane. Alhamisi, kwa mwandiko wa kuku wa Marhoon, ilikuwa thelathini na saba.

Jumatano, Thabit aliandika arobaini na nne. Adhana imelikata tangazo la sabuni kwenye sekunde ya kumi na nane.

Muhsina alirudi wiki moja nyuma, Jumatano ya tarehe 15. Adhana, arobaini na nne. Sabuni imekatwa kwenye sekunde ya kumi na nane. Alizilaza kurasa mbili ubavu kwa ubavu na kidole kikashuka taratibu. Maziwa, sekunde ishirini na tisa na ishirini na tisa. Betri, kumi na nne na kumi na nne. Tairi, thelathini na moja na thelathini na moja. Katika matangazo arobaini na sita, matatu tu ndiyo yaliyobadilishwa, na yamebadilishwa kwa sekunde moja moja.

Alimwita Hisham amweleze alama ndogo ya penseli iliyokuwa pembeni mwa kila adhana. Hisham alisema ni ya Balqees. Kila siku ya kazi alipiga chapa kurasa za siku iliyopita, na kabla ya kuzipiga alilinganisha adhana na kalenda ya sala iliyotundikwa ukutani, kwa sababu saa ya ofisini ilikuwa ikichelewa. Ukurasa wa Jumatano haukuwa na alama. Enzi hizo ofisi zilifungwa Alhamisi na Ijumaa, kwa hiyo siku ya kazi iliyofuata ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi Balqees hakuwapo.

Lilibaki jambo moja asilolielewa. Kuanzia Jumamosi ile, sekunde za Thabit zilibadilika tabia. Thelathini, kumi na tano, thelathini, arobaini na tano. Wiki tatu nzima hakuna ishirini na tisa wala thelathini na moja. Aliandika kwenye daftari lake, akatia alama ya kuuliza, akampigia Sajini Taimur alete gari.

Nyumba ya Thabit ilikuwa Sidab, nyeupe, imepakwa rangi upya. Mwenyewe aliwapokea mlangoni, mzee wa miaka sabini na mbili, kanzu yake ya dishdasha imepigwa pasi, kofia imekaa sawasawa. Aliwakalisha, akawamiminia kahawa, akawasogezea halwa, na kabla ya jambo lolote akamuuliza Muhsina ni binti wa nani na kwao Unguja, kabla hawajavuka bahari kuja huku, walikaa mtaa gani. Alipojibiwa Malindi, alifurahi na kuwataja majirani watatu, wote marehemu. Televisheni ilikuwa inawaka pembeni bila sauti. Tangazo la simu lilipotokea, kidole gumba cha mkono wake wa kulia kilibonyeza goti. Lilipokwisha, kikabonyeza tena. Hakujua kama anafanya hivyo.

Muhsina aliweka kinasa sauti mezani, akamweleza haki zake, na akamwomba asimulie kazi yake ya zamani. Mzee alisimulia kwa raha. Inaonekana hakuna aliyewahi kumwomba. Alieleza jinsi macho yalivyouma, jinsi alivyoota sabuni usingizini, jinsi mkewe wa kwanza alivyosema ameolewa na televisheni. Alieleza pia siri ya ufundi wake, kwamba ukurasa usiokuwa na kasoro hata moja hapana aliyeuamini. Wateja walitaka kuona kasoro mbili tatu, ndipo wanajua kweli mtu alikuwa macho.

Muhsina alimpa nakala ya ukurasa wa Jumatano. Aliutazama bila kuvaa miwani.

"Huu nnaukumbuka kuliko siku ya harusi yangu," alisema Thabit. "Adhana ililikata tangazo la sabuni. Nkaandika, nkasali pale pale chumbani, nkarudi kwenye kiti. Sikutoka mpaka walipofunga kituo."

Akaombwa aandike hivyo pembeni na atie saini. Aliandika kwa ule ule mwandiko wa mwalimu wa chuo. Sajini Taimur alitia saa na tarehe, na Muhsina akala kipande cha halwa ili asionekane ana haraka. Haraka alikuwa nayo. Alikuwa anamfikiria mgonjwa wa Qurayyat.

Aliuliza, kama mtu anayeuliza kwa udadisi tu, sekunde walikuwa wakizipimaje.

"Kwa saa ya kupimia," alisema Thabit, akaonyesha kwa viganja. "Ya chuma, kubwa kama kitumbua. Kitufe juu, akrabu moja ndefu. Haikwambii saa ngapi. Inakwambia muda gani."

Kikombe cha Muhsina kilisimama njiani. Alama yake ya kuuliza ilikuwa imepata jibu, na saa ya kisimani pia. Alikishusha kikombe polepole.

"Na mlikuwa wawili, wewe na Marhoon, Allah amrehemu. Hazikuchanganyika?"

"Zichanganyike vipi? Marhoon ya kwake aliichora mstari mmoja mgongoni, kwa msumari. Mie yangu miwili."

Kalamu ya Sajini Taimur iliacha kuandika, kisha ikaandika kwa nguvu zaidi. Muhsina aliuliza saa ile iko wapi. Thabit alisema ilipotea. Aliuliza ilipotea lini. Thabit alisema zamani, mambo ya miaka mingi, nani atakumbuka.

"Mie nnakumbuka, Ami Thabit," alisema Muhsina. "Jumanne ulikuwa nayo. Jumamosi hukuwa nayo tena, na ulipima kwa saa ya ukutani wiki tatu, mpaka ukapata nyingine. Sekunde zako zote zikawa nzima nzima. Umeziandika mwenyewe."

Alizitoa kurasa kwenye mkoba na kuzitandaza juu ya zulia, moja moja, kama alivyozitandaza ghalani. Alimwonyesha adhana inavyorudi nyuma siku baada ya siku, na Jumatano moja inavyoruka dakika sita mbele ya ilivyopasa, na kesho yake inarudi mahali pake. Alimwonyesha Jumatano ya wiki iliyotangulia. Hakupandisha sauti. Alimwambia kwamba mtu aliyesali Magharibi jioni ile katika mji huu asingeweza kuandika arobaini na nne. Ulitaka kasoro ya kuaminika, alimwambia, ukachukua ile ya wiki nyuma, ukasahau kwamba jua halikukungoja.

Thabit alikuwa na jibu, na halikuwa baya. Alisema alisinzia. Kazi ilikuwa ya kuchosha, alilala kitini mpaka usiku, akaogopa kufukuzwa, akanakili ukurasa wa nyuma. Ni kosa la kijana, alisema, na polisi walipokuja akaona aibu kulikiri. Muhsina alimsikiliza mpaka mwisho. Pengine angemwamini, kama si ile saini mbichi pembeni mwa karatasi, na kama si ile picha iliyobaki mkobani.

Aliiweka juu ya zulia, mwisho wa mstari. Saa yenye kutu, imepigwa picha kwa nyuma, mikwaruzo miwili.

"Ilikuwa chini ya mifupa yake," alisema.

Mzee aliitazama. Kwenye televisheni lilikuja tangazo la gari, likapita, likaja la maji ya chupa. Kidole gumba hakikubonyeza.

"Alinambia Jumamosi haji tena," alisema Thabit hatimaye. "Sami kapata kazi Suhar, mbali huko, wanahama wote. Jumatano zote mie ndiye nliyekuwa nampakia kumrejesha kwao. Natoka mara moja, narudi, hapana anayejua. Alinambia garini, anacheka. Sikumfikisha." Alinyoosha kona ya ukurasa mmoja uliokunjika. "Miaka sita, mwanangu. Kurasa elfu na mia ngapi. Wateja walitazama muhuri tu. Hapana aliyezisoma ila yeye. Alikuwa ananipigia kelele kwa dakika moja ya adhana."

"Angekuwapo Jumamosi, hii angeiona."

"Angeiona asubuhi tu," alisema Thabit, na kwa mara ya kwanza uso wake ukavunjika. "Kabla hajanywa chai."

Muhsina alitaka kumwonea huruma, kwa kuwa ni mzee na analia, lakini hakuweza. Alikuwa anafikiria jambo aliloambiwa Jumapili na Nouf, kwa kupita tu, kwamba katika marafiki wa mama yake mmoja peke yake hakumsahau. Kila Idi, tangu yuko mdogo, Ami Thabit alimletea nguo. Hasira ilimpanda mpaka akasimama, kwa kuwa akiendelea kukaa angesema maneno yasiyofaa kwenye kinasa sauti.

"Nouf keshajua?" aliuliza mzee.

Sajini Taimur alimsaidia kuvaa viatu.

Uani, saa tano na dakika arobaini, Muhsina alimpigia simu Nouf kazini kwake. Alimwambia kwa maneno machache, kwa sababu hapakuwa na njia ya kulainisha. Si Sami. Hakuwa Sami hata siku moja. Akamtaja aliyekuwa.

Muhsina alisikia chupa za dawa zikiwekwa mezani, moja moja.

"Nguo za Idi," alisema Nouf. "Nlizivaa zote." Kisha akauliza, "Yuko hai?"

"Asubuhi Sami alikuwa hai."

"Nakwenda. Mwambie shangazi nakwenda."

Ulisikika mlango, funguo, mlango wa gari, kisha simu ikakatwa. Kutoka pale alipokuwa mpaka Qurayyat ni saa moja, na akiwa na bahati ya njia nyeupe, chini kidogo ya hapo. Muhsina alijaribu namba ya Bi Fajr mara mbili, haikupokelewa. Alisimamia kurasa zinavyofungwa kwenye bahasha, moja moja, kwa namba. Alitia saini. Msikiti wa jirani uliadhini Adhuhuri, na hakuwa amemaliza bahasha ya pili simu yake ilipolia.

Ilikuwa Bi Fajr. Sauti yake ilikuwa imetulia, kama ya mtu aliyekwisha kulia kabla ya kupiga. Alisema Sami amefariki sasa hivi, na adhana. Tangu alfajiri alikuwa akiuliza kama Nouf anakuja. Kila akifumbua macho anauliza, mpaka moyo wa dada yake ukashindwa.

"Nlimwambia yuko njiani," alisema Bi Fajr. "Mara ya mwisho, sasa hivi tu, nlimwambia mwanao yuko njiani, keshatoka. Akatabasamu. Nimemdanganya ndugu yangu, Bibi, na roho inatoka."

Muhsina aliegemea ukuta mweupe wa nyumba ya Thabit. Ulikuwa wa moto.

"Hukumdanganya, Bi Fajr," alisema. "Alikuwa njiani."

Alimwomba asimpigie Nouf sasa, anaendesha gari na barabara ya milimani ina kona. Baada ya kukata, alilitafuta jina la Nouf kwenye simu, akalitazama, kisha akaizima simu na kuitia mfukoni. Aliifungua bahasha ya tatu na kuendelea kuhesabu kurasa.